Dodoma hadi Guangzhou: umbali, mwendo na safari

SWALI: Mwanangu anakwenda kusoma Guangzhou, China, akitokea hapa Dodoma. Nimeangalia umbali kwenye mitandao mitatu. Mmoja unasema 9,020, wa pili 8,710, wa tatu 5,413. Tiketi nayo inaonyesha ataondoka Dar 10:00 na kufika 01:30, pembeni pameandikwa +1. Kurudi ataondoka 12:00 na kufika 18:00. Nikitoa napata saa 15 na nusu kwenda, saa 6 kurudi. Njia ni ile ile, inakuwaje? Na atoke nyumbani saa ngapi? Mama, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Shikamoo mama. Mitandao yote mitatu iko sahihi, na tiketi iko sahihi. Shida ni kwamba kila mmoja umejibu swali lake, wala si lako. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana tuna umbali, tuna mwendo na tuna safari. Umbali ni kilomita kati ya viwanja viwili. Mwendo ni muda ambao ndege inatumia njiani. Safari inaanzia getini kwako Kisasa na kuishia mlangoni kwa bweni. Ukivitenganisha hivyo vitatu, mkanganyiko wote unakwisha, isipokuwa lile suala la kutoka nyumbani saa ngapi, ambalo ndilo gumu kuliko yote na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tuanze na umbali. Ile 9,020 ni kilomita kutoka uwanja wa Dodoma mpaka uwanja wa Baiyun, Guangzhou. Ile 8,710 pia ni kilomita, ila imeanzia uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Na 5,413 ni ile ile 8,710 iliyogeuzwa kuwa maili za barabarani, ambapo maili moja ni kilomita 1.609. Ungefungua mtandao wa nne unaotumiwa na watu wa urubani ungekutana na 4,703, kwa sababu wao hupima kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Namba nne, na tatu kati yake ni umbali mmoja tu. Kabla hujalinganisha chochote angalia kizio kilichoandikwa kando ya namba.

Angalia pia herufi tatu za uwanja. Dodoma ni DOD na Doha ni DOH. Kidole kikiteleza herufi moja umeshahamia Qatar, na mtandao hautakuuliza kama kweli ndiko ulikotaka. Guangzhou ni CAN, kutokana na jina lake la zamani la Canton. Wapo wanaoiona kwenye tiketi wakadhani mtoto anapelekwa Canada.

Kama kijana wako anapenda hesabu, mwambie aipige mwenyewe kwa kikokotoo cha shule. Uwanja wa Dodoma uko latitudo −6.170 na longitudo 35.753. Baiyun uko latitudo 23.392 na longitudo 113.299. Tofauti ya longitudo ni 77.546. Sasa azidishe sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili, atapata −0.0427. Halafu azidishe cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili na cos ya ile 77.546, atapata 0.1968. Akijumlisha anapata 0.1541. Abonyeze cos⁻¹ ya jumla hiyo, itatoka digrii 81.13. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.195, ukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,371. Azidishe, apate kilomita 9,020 na ushee.

Kuna makosa matatu yanayojirudia kwenye hesabu hii. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa kwenye latitudo ya Dodoma. Sisi tuko kusini mwa ikweta, ukiandika 6.170 bila alama hiyo unakuwa umeanzia kusini-magharibi mwa Ethiopia, na jibu linashuka hadi kama 8,470. Linaonekana la maana kabisa, ndiyo maana kosa hili hupita bila kushtukiwa. La pili ni kikokotoo kuwa kwenye radiani, kizio kingine cha pembe, yaani RAD badala ya DEG ya digrii. Hapo jibu linakuwa upuuzi mtupu, kwa hiyo angalau unashtuka. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo, programu za majedwali zinataka kwanza ugeuze digrii kuwa radiani. La tatu ni kukata desimali mapema. Kwa safari ndefu haidhuru: ukiandika 0.154 badala ya 0.15412 unapotea kilomita moja tu. Lakini jaribu Dodoma hadi Dar kwa njia ile ile, jibu sahihi ni kilomita 389. Ukikata hesabu kwenye 0.998 unapata 403. Kwa umbali mfupi acha desimali zote zikae mpaka mwisho.

Mitandao yenyewe kwa yenyewe hutofautiana pia kwa kilomita chache, hata makumi kadhaa kwa safari ndefu. Dunia si mviringo kamili: imetuna kidogo kwenye ikweta, ambako nusu kipenyo ni kilomita 6,378, na kubonyea kwenye ncha, ambako ni 6,357. Mtandao unaolizingatia hilo hautatoa namba sawa na unaochukulia dunia kama mpira. Usipoteze usingizi kwa hilo. Hata safari za Dodoma zikihamia uwanja mpya wa Msalato, ulio kama kilomita 12 kutoka mjini kwenye barabara ya kwenda Kondoa, namba ya Guangzhou haitasogea kwa zaidi ya hizo 12.

Namba hizi zote ni za njia fupi kabisa juu ya tufe, inayoitwa duara kuu. Chukua tufe la darasani, weka ncha moja ya uzi Dar na nyingine Guangzhou, kaza. Uzi utaingia Bahari ya Hindi ukielekea kaskazini-mashariki, utakata ikweta mashariki ya pwani ya Somalia, utapita kusini mwa India karibu na Chennai, utavuka Ghuba ya Bengal, halafu Myanmar, kaskazini mwa Thailand, Laos na kaskazini mwa Vietnam ndipo uingie China. Ukigusa Dodoma kwanza ndipo uende Dar, unaongeza kilomita 80 tu juu ya njia ya mkato, kwa sababu Dar nayo iko upande wa mashariki, haikurudishi nyuma.

Ndege haifuati uzi. Inapita njia zilizopangwa angani, kutoka alama moja hadi nyingine, na kila nchi ina utaratibu wake wa nani apite wapi na kwa malipo gani. Kuna maeneo ya kijeshi yasiyopitika na kuna anga zinazofungwa ghafla. Kuna mawingu ya mvua ya ukanda wa ikweta, ambayo rubani huyazunguka kwa makumi ya kilomita. Na ndege ya injini mbili haina ruhusa ya kupita popote itakapo baharini. Lazima muda wote iwe ndani ya dakika zilizokubaliwa kufika uwanja wa dharura kwa injini moja. Kwa masafa kama haya ongeza kati ya asilimia 3 na 5. Nikichukua asilimia 4, ile 8,710 inakuwa kama 9,060 za kweli angani.

Hapo ndipo tunaingia kwenye mwendo. Ndege za masafa marefu kama Boeing 787-8, aina ambayo Air Tanzania inayo, zikishatulia juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawa 9,060 kwa 900 upate saa 10 na dakika chache. Ongeza nusu saa kwa kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, maana vipindi hivyo ndege haiendi kasi yake. Jumla ni saa 10 na dakika 30 hivi. Kanuni hiyo hiyo, umbali ukigawa kwa kasi kisha nusu saa juu yake, inakutosha kukadiria safari yoyote ndefu. Kwa safari fupi haifai sana, kwa sababu kupanda na kushuka kunakula sehemu kubwa ya njia. Dodoma hadi Dar kwa ndege ya mapangaboi ya aina ya Q400 panga saa moja na dakika kumi, wakati kilomita zenyewe ni 389 tu.

Mitandao mingi ya kukadiria muda hutumia kasi ya maili 500 kwa saa, yaani kilomita 805, na kuongeza nusu saa. Ndiyo maana ukiiuliza Dodoma hadi Guangzhou itakwambia saa 11 na dakika 40 na ushee. Haina habari kama ndege ya moja kwa moja ipo au haipo. Imegawanya tu.

Na ndege ya namna hiyo kutoka uwanja wa Dodoma mjini si jambo dogo. Uwanja uko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani, na siku ya joto la digrii 30, kama zile za Oktoba na Novemba, inakuwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi maana yake mabawa hayapati nguvu upesi na injini hazisukumi vile vile, hivyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au ipunguze uzito. 787-8 huchoma karibu tani tano za mafuta kwa saa; kwa safari ya saa 11 ni zaidi ya tani 50 kabla hujahesabu akiba. Uzito huo unataka njia ndefu kama ile ya mita 3,600 iliyopangwa Msalato. Kule Dar uwanja uko mita 55 tu juu ya bahari na njia yake kubwa ni mita 3,000, ndiyo maana ndege nzito zinaanzia huko.

Upepo ni jambo ambalo watu hulijua nusu. Utasikia kwamba kwenda mashariki ni haraka na kurudi magharibi ni polepole. Kwa London na New York ni kweli tupu. Kwa njia ya mwanao ni kweli kati ya Desemba na Machi, wakati mkondo wa upepo wa juu unapovuma kutoka magharibi juu ya kaskazini mwa India na kusini mwa China, katikati yake ukizidi hata kilomita 200 kwa saa. Lakini Julai na Agosti, wakati wa masika ya India, juu ya kusini mwa India upepo wa juu hugeuka na kuvuma kutoka mashariki. Wanafunzi wengi huondoka mwishoni mwa Agosti kuwahi muhula wa Septemba, na kipindi hicho ndege inayotoka Dar inaweza kuukabili upepo huo uso kwa uso. Wastani wa kilomita 50 kwa saa wa upepo wa mbele, kwa njia nzima, unaongeza kama dakika 35. Kwa hiyo mkishaona ndege imefika nusu saa baada ya ilivyotarajiwa, hakuna ajabu.

Sasa tiketi. Saa zilizoandikwa ni za mahali husika: ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya Guangzhou. China iko mbele yetu kwa saa 5, nchi nzima saa moja, na haibadilishi majira ya saa kama sisi tusivyobadilisha. Anaondoka Dar 10:00. Saa 10 na nusu baadaye, kwa saa yako ya ukutani Kisasa, ni 20:30. Guangzhou wakati huo huo ni 01:30 ya siku inayofuata, ndiyo ile +1. Kurudi anaondoka 12:00 ya huko, ambayo kwako ni 07:00. Anaruka saa 11, anafika Dar 18:00. Ukitoa tu namba za tiketi, unaongezewa saa 5 za bure kwenda na kunyang'anywa saa 5 kurudi.

Kuna njia ya mkato ambayo ningependa kila mzazi aijue, maana haihitaji hata kujua tofauti ya saa. Jumlisha hizo saa zako mbili za kutoa, 15 na nusu na 6, upate 21 na nusu. Gawa kwa mbili: saa 10 na dakika 45. Huo ndio wastani wa kweli wa mwendo. Zile saa 5 zilizoongezwa na zile zilizopungua zimefutana. Njia hii inakubali kwa ndege ya moja kwa moja pande zote mbili, mradi saa za nchi hazikubadilishwa katikati. Kwa Ulaya uwe mwangalifu: Uingereza iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi chao, na hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Halafu kuna mtego wetu wenyewe wa saa za Kiswahili. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua. Toa sita au ongeza sita. Basi 10:00 ni saa nne asubuhi, 01:30 ni saa saba na nusu usiku, 12:00 ni saa sita mchana na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Hakuna anayekosea kwenye karatasi, kosa hutokea kwenye simu, pale mtu anapomsomea dereva „saa kumi” kutoka kwenye tiketi na dereva akaja saa kumi jioni. Unapomwambia mtu muda wa ndege, taja na asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Ndege za usiku wa manane ndizo zinazoacha watu wengi. Tiketi ikisema Jumamosi 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Maana yake Ijumaa saa tatu na nusu usiku abiria awe ameshafika uwanjani. Anayekwenda Jumamosi usiku amechelewa kwa siku nzima.

Tuje kwenye safari. Katika kilomita 9,100 za mwanao, hatari haiko kwenye 8,710 za kutoka Dar. Iko kwenye 389 za mwanzo. Ndege kubwa ikishapaa itafika, iwe imewahi au imechelewa. Ndege ndogo ya Dodoma ikiahirishwa kwa saa tatu ndiyo inayovunja kila kitu.

Kwanza tazama kama tiketi ni moja au mbili. Tiketi moja ni pale Dodoma–Dar–Guangzhou zote ziko chini ya namba moja ya kuhifadhi nafasi. Hapo begi linaweza kufungwa lebo mpaka Guangzhou, na ndege ya kwanza ikichelewesha, shirika linawajibika kumtafutia nafasi nyingine. Mwambie asome lebo ya begi pale kaunta ya Dodoma kabla haijapita kwenye mkanda: iwe na CAN. Ikiwa na DAR pekee, atalichukua begi Dar na kulikabidhi upya.

Tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja kivyake ni habari nyingine. Shirika la pili halijui habari za la kwanza. Asipotokea kaunta kwa muda, anahesabiwa hakufika, na mara nyingi tiketi ya kurudi nayo inafutwa papo hapo. Uzito wa mizigo pia unafuata kila tiketi: begi mbili zilizoruhusiwa kwenda China zinaweza kuzidi kiwango cha ndege ya ndani na akatozwa hapo hapo Dodoma. Pale Dar, safari za ndani zinashukia Terminali ya Pili na za kimataifa zinaondokea ya Tatu, majengo mawili tofauti. Na begi la kilo 23 si la kuburuta juani, panahitaji gari. Kwa tiketi mbili usikubali pengo la chini ya saa 5 kati ya kutua na kuruka, na mimi ningelala Dar.

Kwa ndege ya saa nne asubuhi, hesabu kurudi nyuma. Kaunta nyingi za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla, yaani saa tatu. Foleni ya ukaguzi, kukabidhi mizigo na uhamiaji inataka muda wake, kwa hiyo awe Terminali ya Tatu saa moja asubuhi. Ndege ya alfajiri kutoka Dodoma, hata ikiwepo, haitaacha nafasi ya kukosea. Kwa hiyo jibu la swali lako: atoke nyumbani siku moja kabla, saa nane mchana.

Akitoka saa nane mchana ana hiari mbili. Ndege ya alasiri, uwanja wa Dodoma uko ndani ya mji kabisa, na kutoka Kisasa ni mwendo mfupi. Au treni ya umeme ya SGR, mwendo wa saa 3 na nusu hadi saa 4 kutegemea na treni aliyopanda, halafu kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji wa Dar mpaka uwanjani kupitia Barabara ya Nyerere, ambayo jioni ina foleni yake. Kwa mwanafunzi mwenye begi mbili na ndege ya kesho asubuhi, treni haina ubaya wowote, na ikichelewa saa mbili bado analala. Basi nalo litafika, ila barabara ni kama kilomita 450 na siku yote inaishia humo.

Jumla ya safari basi: saa nane mchana Kisasa, kesho kutwa 01:30 ya China (kwako bado ni kesho yake usiku) anatua, anapita uhamiaji na kuchukua mizigo kwa saa moja na nusu hivi, anatoka nje 03:00 ya huko, ambayo kwako ni saa nne usiku. Saa 32, kati yake angani ni kama 11 na dakika 40 akipanda ndege zote mbili. Saa tisa usiku kwa saa za kule si muda mzuri wa mgeni kutafuta usafiri, hivyo chuo kiulizwe mapema kama kinapokea wanafunzi usiku.

Wakala akikwambia ipo njia nyingine ya bei nafuu, umbali si sababu ya kuikataa. Dar–Addis Ababa–Guangzhou ni kama kilomita 9,800. Kupitia Dubai ni hizo hizo 9,800. Doha ni kama 10,000. Hiyo ni ziada ya kilomita 1,100 hadi 1,300 juu ya njia ya moja kwa moja, kwa mwendo ni kama saa mbili tu, pamoja na kushuka na kupanda tena. Kinachorefusha ni kusubiri katikati, saa mbili au saa kumi na nne, na hilo liko wazi kwenye tiketi. Chini ya saa moja na nusu ya kuunganisha ni kidogo. Zaidi ya saa nane uliza kama kuna mahali pa kulala. Na wakala akisema „dairekti” mwombe akuonyeshe idadi ya vituo. Ndege inaweza kuwa na namba moja tangu mwanzo hadi mwisho na bado ikatua mahali njiani.

Kurudi ana nafasi zaidi ya kukosea bila hasara. Anafika Dar saa kumi na mbili jioni, akimaliza uhamiaji na mizigo ni saa mbili usiku. Msimkatie ndege ya Dodoma ya usiku huo. Mkatieni ya asubuhi.

Jambo la mwisho ni la simu, kwa sababu ndilo linalowatia wazazi presha usiku ule. Ndege itatua saa mbili na nusu usiku kwa saa yako. Usitarajie ujumbe kabla ya saa nne, na ukitarajia WhatsApp unaweza kukesha: kwa intaneti ya kawaida ya China haifanyi kazi. Kule wanatumia WeChat. Kuifungua akaunti mpya kunaweza kudai uthibitisho kutoka kwa mtu anayeitumia tayari, kwa hiyo aifungue akiwa bado Dodoma, nawe uiweke kwenye simu yako, na mjaribu kupigiana mkiwa sebule moja.